Profesa Nasambu, Aliyefunga Mapazia Mchana

Profesa Milka Nasambu amefundisha fasihi linganishi katika chuo chetu kwa miaka ishirini na tisa, na tarehe thelathini Juni anastaafu. Maprofesa wenzake waliombwa waandike wasifu huu, wakaleta kurasa ambazo hata yeye mwenyewe angezisinzilia. Kwa hivyo ninaandika mimi, Maximilla, ninayepika chai ya idara na kusimulia hadithi darasani kwake. Anayetaka maneno makubwa ayatafute kwingine.

Alikuja kutoka Bungoma mwembamba kama mwiko, hajui hata kumla ngege, samaki wa ziwa letu, bila kukwamwa na mwiba. Tulimfundisha. Leo akimaliza samaki, paka hana kazi. Ametembea ufuo huu wa ziwa mpaka Bondo na kupita, akikusanya hadithi za nyanya na kuzilinganisha na za kwao na za nchi za mbali. Ameandika vitabu vinne. Nyinyi vijana mnaosoma muhtasari kwenye simu, vitabu viko maktaba, haviumi.

Kosa lake moja lazima nilitaje, maana mwenyewe hulisimulia kila harusi. Mwaka wa 2016 wakuu walitaka kufuta somo lake. Walisema wanafunzi ni wachache, na kulinganisha hadithi si kazi. Kamati ikasema itakuja kuliona darasa saa nne asubuhi, kisha iamue. Profesa akaniita tusimulie, mimi na Kageha anayeuza mboga sokoni Otonglo. Mchana! Mtoto yeyote aliyelelewa na nyanya anajua hadithi husubiri jua lizame. Nasambu naye alijua, ila hofu ya kupoteza somo ilimpanda kichwani. Akafunga mapazia, akawasha taa ya mafuta mezani, akatuambia usiku umeingia.

Nje, kuku wa Oduor, mlinzi wa lango, walikuwa wanaparura.

"Nasambu," nikamwambia mbele ya kamati, "usiku gani huu ambao kuku bado wanatafuta chakula?"

"Dani," akasema, akiniita nyanya kwa Kijaluo, "tafadhali. Leo tu."

"Leo tu ndiyo imemaliza watu. Fungua madirisha, tunaiva humu."

Mwingine angetulazimisha. Yeye alifungua mapazia, akaiambia kamati irudi saa moja jioni, au ilifute somo bila kulisikia. Walinuna kama watoto walionyimwa sukari, lakini walirudi.

Nikasimulia ya msichana aliyekataa wachumba wote, akaishia kuolewa na kiboko aliyejigeuza mtu. Sijafika hata kwenye mahari, mwenyekiti wa kamati, Bwana Wafula, akasimama.

"Mama, hapana! Ni chui! Nyanya yangu alisema chui!"

"Kwenu ni chui kwa sababu hamna ziwa. Keti."

Kageha akadakia kwamba sisi wawili ni waongo, bwana harusi alikuwa chatu. Tukabishana mpaka wanafunzi wakapanda juu ya viti. Profesa akapiga meza, akauliza: kwa nini kila mahali mama humtisha binti yake kwa mnyama anayeishi karibu nao, na kwa nini binti huyo haogopi? "Ugomvi huo," akasema, "ndio ninaoufundisha." Bwana Wafula akaketi, akaomba karatasi aandike. Somo halikufutwa. Muhula uliofuata wanafunzi walikosa pa kukaa.

Sasa darasa linashikwa na Daktari Shantel Mukhwana, aliyekuwa mwanafunzi wake. Nimemchunguza. Anasikiliza kabla ya kuandika, na chai yangu haachi nusu kikombe. Atafaa.

Nasambu, asante kwa kutukalisha mbele ya darasa sisi ambao vyuo hutuita kufagia tu. Majina yetu uliyaweka vitabuni mwako, na wajukuu wangu wameyaona. Nenda ukapande mahindi, ulee magoti yako, uwachoshe wakwe zako. Usitupigie simu kila wiki kuuliza kama darasa linaendelea. Linaendelea. Lala, ule, ucheke, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema, mwanangu.