Matanga ya Kadii

Feri ya Kilifi ilikuwa katikati ya maji Mueni aliposikia wanaume wawili wakibishana mbele yake. Kioko, mbeba taa wa wapiga sinema, alikuwa akimsifu bosi wake, Mzungu aliyepata jina kwa sinema za vita. "Safari hii kapiga sinema ya utoto wake huko Malindi, wazazi wake na yaya aliyemlea. Hata mimi nimelia."

"Yaya huyo ni mama yangu," akasema mwenzake, Baya. "Yu hai, nanyi mmemfanyia matanga."

"Ni mchezo, ndugu yangu. Hadithi ilitaka afe."

"Si mngempa jina jingine? Majirani wamemlilia mama Kadii kwa jina lake mbele ya kamera, jeneza likafukiwa. Sasa wanamhesabu mfu, hata salamu hawampi."

"Na pilau ya matanga mliila nyote!"

Mueni alitaka kucheka, lakini uso wa Baya ulimkataza.

"Mwambie bosi wako aje awatangazie watu kwamba mama hakufa."

"Bosi amesharudi kwao Ulaya."

"Nikimpelekea mama uji," akasema Baya, "ananiambia niwape walio hai."

Feri ikagusa ng'ambo, na watu wakawasukuma washuke.