Nyimbo za Makwaya na Ufunguo Wangu Mmoja

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nianze na bei, sababu mnanijua. Jambo hili lilinigharimu telefone moja, kilo nane za mwili na kiburi chote. Nimehesabu mara mbili. Kiburi ndicho kilikuwa kizito zaidi.

Wengi mnanunua chaja kwangu pale sokoni, na mnajua kwangu hakuna kitu cha bure. Kimoja tu nilitoa bure: ile programu ya nyimbo mnayofungua hapa kila Jumapili. Niliiandika mwenyewe, nikaiweka wazi kwenye mtandao, yeyote aichukue, aisome, aitengeneze. Makwaya ya hapa Lubumbashi, ya Lukafu, hata ya Mokambo mpakani, waliacha vitabu vyao vilivyochakaa, wakaweka nyimbo zao humo. Nami nikajiona baba yao! Lakini neno la siri la kubadilisha ile mnayofungua ninyi lilikaa katika kichwa changu peke yake. Mtu akiomba tusaidiane, ninamjibu: "Acha, nitafanya mwenyewe." Wakilalamika, ninanyamaza. Kitu cha bure, watadai nini?

Ndugu zangu, Alhamisi moja nilibadilisha kitu kidogo ndani ya programu. Sikujaribu, sikumwambia mtu. Ijumaa tifoide ikaniangusha. Jumapili makwaya wakafungua: ukurasa mweupe! Lukafu walikuwa na kilio cha mzee wao wa kwaya. Walimzika kwa ubeti mmoja tu, ule waliokumbuka. Hilo hata leo linaniuma.

Mimi niko hospitali, telefone imeibiwa pale pale kitandani. Akaingia Mama Kapinga, mwalimu wa kwaya yetu, na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nikajua amekuja kudai. Nikalia: "Mama, neno la siri limepotea. Homa imelibeba. Nyimbo za watu zimekwisha!"

"Nani anakuuliza nyimbo? Kula kwanza."

"Lakini mama..."

"Weye mutoto, unawaza Mungu aliweka nyimbo yake yote mu kichwa yako? Na ile kichwa iko kadogo vile!"

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Ndipo mama akanieleza. Dada Odette, yule wa sauti ya pili anayesoma chuo kikuu pale Kasapa, alikuwa amenakili programu nzima zamani, pamoja na nyimbo, ili ajifunze. Odette yule yule niliyemjibu "acha"! Alilinganisha nakala yake na ile yangu iliyoharibika, akaondoa kosa langu, akaiweka mahali papya, na makwaya walikuwa wanaimba tena. Hawakunifukuza. Walitengeneza funguo tatu, yaani maneno ya siri matatu: mmoja wa Odette, mmoja wa kwaya ya Lukafu, na mmoja wakaniwekea.

Haleluya! Siku ile nilifunguliwa. Leo hatubadilishi kitu bila kujaribu na kuwaambia watu. Anayelalamika anajibiwa, hata kama jibu ni "subiri kidogo". Na mimi ninalala. Wewe unayebeba kitu cha watu wengi peke yako, mwamini Mungu, kisha uwaamini na hao aliokupa. Hawakuja kukunyang'anya.

Sufuria ya Mama Kapinga bado iko kwangu. Nilimuuliza nimlipe nini, akasema: "Rudisha sufuria yangu tu." Ndugu zangu, nimepatana bei na watu wa kila namna, lakini huyu hataji bei! Nishaurini basi: nikiirudisha, niweke nini ndani?