Maharagwe ya Ijumaa na Maji ya Mwenyekiti

Mnanizunguka na hadithi hii kama kuku anayetafuta pa kutagia. Si nilisema nina mahindi ya kupukuchua? Haya, kaeni, lakini mikono ifanye kazi. Masikio hayapukuchui.

Sokoni kwetu, chini ya ukingo wa Manga, kulikuwa na benchi la mkaratusi mbele ya jiko la Persis. Vijiwe vingine watu hunywa kahawa. Hapa kahawa ililimwa, chai ililimwa, halafu watu wakaketi kunywa uji wa wimbi, kwa maana Persis alikuwa Msabato na kahawa hakuitaka hata kwa harufu. Mwaka huo wa sabini na mbili harambee ilikuwa imetuletea mfereji wa bomba, na tangi lake. Mwenyekiti wa maji alikuwa Ogari, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa: kofia mbili, kichwa kimoja, tena kidogo. Sasa, Msabato hapiki jua la Ijumaa likishazama. Ijumaa moja jua lilizama na moto wa Persis bado unawaka, maharagwe yanagongana chunguni kama kokoto. Ogari akauona moshi. Akaapa kwamba jua likizama tena moto ule ukiwaka, jina la Persis litafutwa kanisani. Na Ijumaa iliyofuata wageni wa kanisa walikuwa njiani kutoka Gesima, na kati yao wazazi wa kijana aliyemchumbia binti wa Persis, Kemuma. Nani angemwoza mwanawe kwenye nyumba ya mama aliyefutwa?

Basi maharagwe yalikuwa motoni tangu alfajiri. Alasiri ikafika, Persis akalibonyeza moja kwa ukucha. Ukucha ukavunjika.

— Mama Kemuma, uji wako leo una mchanga, alisema Okemwa. Huyu tulimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

— Hauna mchanga, Persis alijibu. Una mfereji.

— Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, akaingia Onyancha. Wahenga hao hawakufua na maji haya. Mke wangu amesugua shati mpaka sabuni imekwisha, povu hakuliona.

Onyancha tulimwita Jaji. Aliwahi kufagia korti ya Kisii, akarudi na hukumu za kumtosha maisha.

— Sababu naijua mimi, Redio alisema. Tangu dunia iumbwe, maji yetu yalikuwa yanateremka. Mfereji umeyapandisha mlima. Wewe ukipanda mlima kila siku, utakuwaje?

— Nitachoka.

— Utakomaa! Angalia miguu ya wanawake wa huko Manga. Maji haya yameota misuli, bwana!

— Iache miguu ya wanawake, Persis alisema, akisukuma kuni ndani.

— Na ule ukoko mweupe ndani ya birika? Jaji aliuliza. Huo nao ni misuli?

— Huo ni mifupa. Umeona wapi misuli bila mifupa?

Jaji alitafakari jambo hilo, akalitupa.

— Hapana. Nakata kesi hivi. Tangi limejengwa shamba la nani? La Mkatoliki. Maji yanalala hapo kila usiku, yanasikia rozari. Yataijuaje Ijumaa ya Wasabato? Haya yanangoja Jumapili. Yapikie Jumapili uone.

— Mimi ni Mkatoliki, Redio alisema, na Jumapili nyumba nzima tulitafuna changarawe.

— Mlienda misa?

— Mke wangu alienda. Mimi baiskeli ilikuwa mbovu.

— Basi! Asiyekuwepo na lake halipo.

— Na sabuni je? Sabuni nayo ina dini?

— Sabuni ni ya Mzungu. Mzungu ameenda kwao, unataka imtolee nani povu? Imegoma. Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi.

Redio aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Persis hakucheka. Yeye alikuwa analitazama jua, na jua lilikuwa linateremka kuelekea Manga bila kumhurumia mtu. Angeuzima moto sasa, wageni wangepewa kokoto. Angeuacha uwake, jina lingekwenda. Na pale mwisho wa benchi alikaa Ogari mwenyewe, bakuli la uji mkononi, jicho moja kwenye jua na la pili kwenye moshi, kama paka kati ya panya wawili.

— Mnatafuta mbali, Ogari alisema. Moyo mgumu, maharagwe magumu. Maji ni yale yale. Yakiingia chungu cha mcha Mungu, kitu kinaiva.

— Kwako yaliiva, omogaka? Persis aliuliza, maana mzee kwetu huitwa hivyo.

Ogari alikunywa uji kwanza.

— Kwangu tulikula ndizi.

— Basi nifungulie njia ya chemchemi, nikachote maji yaliyoniivishia tangu nilipoolewa.

— Chemchemi ni mambo ya zamani. Sisi ni watu wa mfereji.

Maana ndivyo alivyokuwa amefanya: njia ya chemchemi aliiziba kwa miiba, mfereji wake usije ukapata mpinzani.

Hapo ndipo alipofika Akong'o, mke wa karani mpya wa posta, watu wa upande wa ziwa. Alikuja na jagi kununua uji. Alisalimia vizuri, akasikiliza habari ya misuli, akasikiliza ya mifupa, jagi likiwa bado tupu mkononi.

— Samahani, wazee wangu. Maji yalianza lini kuwa hivi?

— Tangu ile ziara ya mkubwa kutoka Kisii, Persis alijibu. Kabla yake maharagwe yaliiva hata kwa mfereji.

— Na kwa ajili ya ziara, ndani ya tangi mlitia nini?

Redio alizimika kama aliyetolewa betri. Halafu macho yote, taratibu, yakaenda shingoni kwa Ogari. Pale, kwenye uzi wa katani, palining'inia ufunguo wa tangi. Na ulikuwa mmoja tu.

— Si kitu, Ogari alisema.

— Si kitu gani, omogaka?

— Mnakumbuka mvua ilivyonyesha. Maji yalikuja ya kahawia. Mkubwa ataka kuonja maji ya wananchi, mimi nimpe glasi inayofanana na chai?

— Ukatia nini?

— Ile chokaa.

Watoto, chokaa ile mngeiona! Kwa ziara ile Ogari alipaka rangi nyeupe kila kitu kilichokuwa kando ya barabara: mawe, vigogo vya miti, hata kondoo dume wa Jaji aliyekosea mahali pa kulala.

— Chokaa gani?

— Iliyobaki baada ya kupaka mawe.

— Ilibaki kiasi gani?

— Magunia.

— Ukayatia yote?

— Ukuta ukipakwa nusu si aibu?

— Na mpaka leo iko humo?

— Imekaa chini vizuri, imeganda, Ogari alisema. Ukimsikiliza ungedhani anasifu ng'ombe wake.

Jua liligusa Manga. Persis hakupiga kelele. Alivuta kuni moja moja, akachota maji ya mfereji, akayamwaga juu ya makaa. Kwa kuzima moto yalikuwa maji mazuri sana. Moto ukafa, jua bado linaonekana, na kila mtu pale benchini aliona kipi kimetangulia. Kisha akapakua bakuli la maharagwe, akaliweka mbele ya Ogari.

— Wageni wanafika, omogaka. Kwetu mwenyeji huonja kwanza.

Ogari alionja. Mlio wa jino ulisikika mpaka kwenye kinu cha kusaga unga.

Wageni walikula ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Mama wa yule kijana aliuliza habari ya maharagwe, Redio akamweleza yote, na misuli ndani yake. Mama yule alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akamwomba Persis mbegu za wimbi. Uchumba haukuvunjika.

Jumapili wazee wa kanisa walikaa, na jina lililojadiliwa halikuwa la Persis. Ogari alisema atakomba tangi. Wakamwambia kukomba tangi ni kazi yake, si malipo. Wakamwuliza Persis anataka nini.

— Maji ya chemchemi, alisema. Kila Ijumaa asubuhi, mpaka mfereji utakapoivisha maharagwe.

Ogari akasema ataleta punda. Punda hakupita kwenye ile miiba. Akasema atamtuma mkewe. Wazee wakauliza kama ni mkewe aliyemwaga chokaa. Kwa hiyo akabeba yeye, mzee wa kanisa, mwanamume wa Kigusii, ngata kichwani na mtungi juu ya ngata, mwendo ambao hakuna baba wa mtu aliyewahi kuonekana akienda. Benchi lilijaa kila Ijumaa kuliko siku ya soko.

— Bwakire, omogaka Ogari! wakamwamkia mmoja mmoja, kwa heshima zote.

Na yeye, salamu za watu lazima ziitikiwe, akaitikia zote bila kugeuza shingo, maji yakimtiririka ndani ya kola, mpaka mavuno ya wimbi.