Siku Nilipokalishwa Kwenye Hema la Wageni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Leo mama zangu wa jikoni wamenisukuma hadi hapa mbele, eti nimeificha neema ya Mungu muda mrefu. Basi mnivumilie. Pasta ameniomba niwe mfupi, nami nimemwambia nitajaribu.

Naitwa Jescah Nanjala. Najua wengine wenu mkisikia jina hilo mnanitazama mara ya pili. Mnaangalia hizi nywele na hii pua, mnasema moyoni, Nanjala gani huyu? Msijali, nimezoea. Mama yangu alikuwa msichana wa Mayoni, binti ya mkulima wa miwa. Baba yangu alikuwa Mhindi, fundi wa mitambo aliyekuja kufanya kazi upande wa Mumias, na kazi ilipoisha akaenda zake kabla sijaanza kutembea. Mama naye aliaga dunia nikiwa bado mdogo. Nikabaki na nyanya yangu, kukhu.

Ndugu zangu, kwa kukhu sikuwa na rangi. Nilikuwa mtoto wa kutumwa. Niliteka maji, nilipalilia miwa, nilichapwa nikichelewa kisimani kama mtoto mwingine yeyote. Jioni kukhu alikuwa akinisuka, na hizi nywele zangu zinateleza, akifika mstari wa mwisho ule wa kwanza umeshafumuka. Alikuwa akicheka mpaka anaweka kitana chini. Hakuwahi kusema nywele zangu ni mbaya. Alisema ni jeuri tu, na ujeuri nimeutoa kwake.

Shida ilikuwa nje ya boma. Shuleni niliitwa Muhindi. Mjini nikaitwa pointi, yaani nusu hivi nusu vile. Nilipohamia Kakamega nikafungua kibanda cha kushona nguo, wateja walikuwa wakiniuliza baba yangu mwenye duka yuko wapi. Jamani, duka gani? Mimi hapo chakula cha mchana ni chai ya rangi na muhogo! Watu wa boda boda waliniongelesha Kiingereza. Nikiwajibu kwa Kiluhya wanakaribia kuangusha pikipiki.

Hayo tunaweza kuyacheka. Lakini kuna jambo lililoniuma kuliko matusi, na sijui kama mtanielewa. Niliheshimiwa! Kila nilipoingia, iwe ni harusini au kanisani, mtu aliinuka akaniletea kiti. Wasichana wa rika langu wako jikoni wanachambua mboga na kusengenya kwa raha zao, na mimi nimewekwa sebuleni na soda. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikuletea kiti utamwambia nini? Unasema asante, unakaa, na moyoni unajua kwamba hapa si kwenu.

Kisha kukhu akafa. Khotsa, yaani ndugu ya mama yangu, ndiye aliyesimamia mazishi. Alinipigia simu akaniagiza nishone nguo za wajukuu wote, kitambaa kimoja, rangi ya zambarau ambayo kukhu aliipenda. Nilishona kwa machozi. Gauni langu nililishona mwisho. Nilifika Mayoni asubuhi ya mazishi nimebeba nguo zote kwenye mfuko, na vijana wa mapokezi, ambao hawakunijua, walinipokea vizuri sana. Wakachukua mfuko, wakasema asante kwa kutuletea nguo, wakanipeleka kwenye hema la wageni wa heshima. Wakanipa chupa ya maji.

Sikutaka kuzua fujo kwenye matanga. Nilisema, nitangoja, khotsa ataniona. Ikafika wakati wa wajukuu kuitwa mbele wasimame kando ya jeneza. Wakatoka, wote wamevaa zambarau yangu. Nami nikainuka. Khotsa akaniona, ndugu zangu, akaja mbio mbio, akaniinamia sikioni.

"Nanjala, kaa tu hapo, mwanangu," akasema. "Wakwe zangu ndio wamekuja mara ya kwanza, na hawakujui. Tusianze kuelezana leo."

Nikakaa. Gauni langu lilibaki ndani ya mfuko. Na yule aliyekuwa akiongoza ratiba akashika kipaza sauti, akamshukuru rafiki yetu Mhindi aliyefunga duka ili aje kutufariji. Watu wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi kwenye mazishi ya mwanamke aliyenilea!

Nilirudi Kakamega mtu mwingine. Nilikichukia hiki ninachokiona kwenye kioo. Fundi wa nguo hawezi kufanya kazi bila kioo, lakini mimi kile cha kibandani nilikigeuza kikatazama ukuta, mteja akitaka kujiona akigeuze mwenyewe. Kiluhya niliacha kukisema. Simu za khotsa sikupokea. Na Mungu nilimwambia ukweli wangu. Nilimwambia, wewe ulinichanganya, halafu ukasahau kutafuta mahali pa kuniweka. Nikaamua kuhama niende mbali, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Nilikuwa nimebakiza kazi moja tu, majoho ya kwaya ya kanisa hili.

Niliyaleta mwenyewe, siku ile ya semina ya akina mama. Nilipoingia tu getini, mmoja wenu, sitamtaja, akanikimbilia na kiti. Nikacheka kicheko cha uchungu, nikakaa. Nikawa nangoja Mama Ebby, aliyeniagiza majoho, aje ayapokee niondoke zangu. Yule pale Mama Ebby, anaficha uso! Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa jikoni. Alitokea pale mlangoni, jasho linamtiririka, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"We Nanjala! Umekaa hapo unangoja nini? Wamama hawajakula na ugali haijasongwa. Kuja!"

Nikamfuata. Sijui hata majoho niliyaacha wapi. Alinitia mwiko mkononi, ule mkubwa kama kasia, akanisimamisha mbele ya sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake. Nikaanza kusonga. Moshi, joto, mikono inawaka! Na Mama Ebby hana huruma hata kidogo.

"Hii ni obusuma ama ni kokoto? Nani alikufunza kusonga hivi?"

"Ni kukhu," nikasema.

"Basi songa kama mjukuu wa mtu! Tumia mgongo!"

Ndugu zangu, mjukuu wa mtu! Hakujua alichokisema. Tangu kukhu azikwe hakuna mtu aliyekuwa amenigombeza. Nilisonga huku nalia, na wengine wakadhani ni moshi. Mama Ebby hakudhani ni moshi. Alinifuta uso kwa pembe ya leso yake, akaniambia niongeze unga.

Baada ya chakula likahubiriwa Neno. Mhubiri alisema Yesu alikufa ili atuingize nyumbani kwa Baba yake, na yeyote aliyeingizwa na Yesu ni mtoto mle ndani. Neno hilo nililisikia tangu utotoni. Siku hiyo lilinikuta na malengelenge mikononi, nikaliamini. Nilipiga magoti pale pale, nikamwambia Yesu, nichukue, mimi na nywele zangu na pua yangu.

Na Mungu akanijibu kwa lugha ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa nguo. Sijawahi kuunganisha vitambaa viwili kwa bahati mbaya. Nikiviunganisha, ni kwamba nimevitandaza vyote viwili mezani, nimevipenda vyote viwili, nimekata nikijua ninachotaka. Je, Mungu ndiye angeniumba bila kutazama? Haleluya! Kurudi kibandani, nilikigeuza kile kioo. Nikajitazama, nikasema, aliyenishona hakukosea.

Msidhani watu walibadilika. Jana tu boda boda ameniita madam. Aliyebadilika ni mimi. Baada ya semina ile nikafunga safari kwenda Mayoni.

Khotsa aliponiona aliingia ndani haraka, akatoka na kiti. Nikamwambia, khotsa, leo sijakuja kukaa, nipe jembe. Nikaenda kwenye kaburi la kukhu, ambalo magugu yalikuwa yamelifunika, nikaanza kulima. Khotsa akarudisha kiti ndani. Kisha akaenda akaleta jembe lake, akaanzia upande wa pili. Tulipokutana katikati, mzee yule alitupa jembe chini, akanishika mikono yote miwili. Nami nilikuwa nimeshamsamehe tangu nikiwa njiani.

Wakati huo jirani mmoja mgeni, aliyehamia huko juzi juzi, alikuwa akipita. Akasimama kutusalimia.

"Mzee, umepata mgeni leo?"

Khotsa akajipangusa macho. "Mgeni gani? Huyu ni Nanjala, mtoto wa dada yangu. Baba yake ni Mhindi, na yeye ni wa hapa."

Alilisema kwa sauti, ndugu zangu, njia nzima ikasikia.

Namshukuru Yesu. Namshukuru kwa kukhu, na kwa Mama Ebby na ukali wake. Siku hizi namwombea hata baba yangu. Yuko mahali fulani na pua kama hii, na sina hasira naye tena. Na wewe uliyekuja leo, ambaye watu wakikuona hawajui wakuweke wapi, mwendee Yesu hivyo hivyo ulivyo. Hatakuuliza kwanza baba yako ni nani ndipo akufungulie. Amina! Na akina mama, nakuja, msianze kupakua bila mimi.