Sanduku la Leta

Ndugu wa Sanga mliofika jana, majirani mliolala nasi chini tangu Jumatatu, wenzake baba wa kazini, mimi ni Bilonda, mtoto wa kwanza, familia imeniagiza niwasomee maisha ya baba yetu, na nitayasoma kama nilivyoyaandika, maana machozi hayajanijia bado, sijui yako wapi.

Marehemu Kazadi Timothée alizaliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, tarehe 14 Machi 1936, mwana wa Maurice, mwashi, na mama Mulanga, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1949, babu alipopata kazi ya kujenga Base ya Kamina, kambi ya jeshi, na kuhamia huku na watu wa nyumba yake wote. Hapa aliingia shule ya ufundi, upande wa useremala, akapata cheti tarehe 30 Juni 1954, na waliomjua wakati ule wanasema alikuwa ananusa ubao kabla ya kuupima. Lakini mwaka huo huo ujenzi ulikwisha, babu na wenzake wakaachishwa kazi wote siku moja, naye akamwita mwanawe akamwambia: "Kazi ya mbao inaishaka. Ingia kwa Leta. Leta haikufake, na siku weye utakufa, Leta itakupatia sanduku." Leta ndiyo serikali, na zamani hizo ilizika watumishi wake kwa heshima. Baba alitii.

Tarehe 2 Januari 1957 alianza kazi ya karani katika ofisi ya kuandikisha wanaozaliwa na wanaokufa, kazi ambayo hakuipenda, siwezi kuwadanganya mbele ya mwili wake, ila aliifanya vizuri, na wengi mlioketi hapa majina yenu yaliandikwa na mkono wake. Alifunga ndoa na mama Mbombo tarehe 18 Agosti 1962, kanisani, hapa Kamina, wakajaliwa watoto sita, wanne tuko hai.

Mwaka 1974 mchwa walikula meza ndefu ya kupokelea watu pale ofisini, baba akaomba ruhusa aitengeneze upya mwenyewe, kwa mbao ngumu za mti wa mulombwa, na mama anasema majuma yale alikuwa anatoka nyumbani akiimba. Tangu hapo kila asubuhi aliipangusa kabla ya kufungua mlango.

Mshahara ulipoanza kuchelewa, halafu kupotea, viti alivyotengeneza jioni uani ndivyo vilivyotulisha, na mama hakuchoka kumuuliza, "Mbao njo inalisha batoto, Leta iko inakupa nini?", naye akijibu bila kuinua kichwa, "Niko nangojea sanduku yangu." Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Aliugua presha ya damu kuanzia Novemba 1990, akalazwa mara mbili, na tarehe 6 Mei 1991, alfajiri, akatutoka. Mama alikataa sanduku lolote la kununua, akasema mume wake alitoa maisha yake kwa ajili ya lile moja, tungoje. Tulingoja Jumatatu, tukangoja Jumanne, tukajibiwa kwamba Leta haina sanduku. Jana, Jumatano, wenzake wawili wa ofisini, Baba Basile na Mama Ève, wakafika na mkokoteni wa mbao za mulombwa, kumbe wameivunja ile meza, na mkuu wao alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo, akasema hajaona kitu. Maseremala wa mtaa wakaliunda sanduku usiku, na upande wa kichwa mtaona ubao unang'aa, pale watu walipokuwa wanaegemeza viwiko wakitaja majina ya watoto wao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani kwa maji, kuni na usingizi wenu, na ninyi wa ofisini, ambao kuanzia leo mtapokea watu mkiwa mmesimama.

Baba, babu alisema kweli, sanduku limetoka kwa Leta. Lakini aliyeranda mbao zake ni wewe. Pumzika kwa amani, ndani ya kazi uliyoipenda.