Ampuli Sita kwa Mtoto Mmoja

Ng'ambo ya geti la hospitali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, pana benchi ambalo wenyewe hawakosekani: Mkasi, mwenye kibanda, na Honi, dereva mstaafu wa ambulansi, ambaye mpaka leo huongea kama anashindana na king'ora. Asubuhi hiyo, katikati yao alikaa daktari wa wadi ya watoto, macho mekundu kwa zamu ndefu, anapuliza kahawa. Sista, nesi wa wadi hiyohiyo, alivuka barabara mbiombio. Alikuwa ameshampigia simu mara nne bila kupokewa.

— Daktari, ile sindano ya kitanda cha tatu. Siichomi.

— Huichomi? Nimeiandika tangu alfajiri! Yule mtoto anawaka homa, na wewe unamchelewesha?

— Ndiyo maana nimekimbia. Dozi ni kubwa mno.

Honi akadakia:

— Sista, miaka ishirini na sita nimebeba wagonjwa, sijaona nesi akimbishia daktari barabarani. Aliyeandika ndiye anayejua, bwana!

— Acha hizo, Honi, akasema Mkasi. Mtoto ni nusu mtu. Mimi mwenyewe kichwa cha mtoto nachaji nusu. Apewe nusu, yaishe.

— Nusu? Homa kali inataka dawa kali! Tena aongezewe!

— Kwa hiyo kichanga akilia sana apewe dozi ya tembo?

— Apewe! Ikizidi si inatoka kwa jasho?

Sista hakucheka. Kama hesabu yake ndiyo mbovu, basi mtoto wa watu yuko kule anateketea kwa homa kwa sababu ya ubishi wake.

— Mtoto ana kilo sita, Daktari. Nimempima mwenyewe, bila nguo. Nikifuata karatasi yako, nivunje ampuli sita, vichupa sita vizima vya dawa. Sita, kwa mtoto mmoja, kwa mara moja. Mkono umenigomea.

— Ampuli sita? Haiwezekani.

Daktari akalivuta gazeti la Mkasi, akaandika pembeni: kilo sita, miligramu saba na nusu kwa kila kilo.

— Arobaini na tano, alisema taratibu. Haifiki hata ampuli moja. Na ndivyo nilivyoandika!

— Kumbe uliandika arobaini na tano, nukta, sifuri. Nukta imemezwa na mstari wa karatasi. Inasomeka mia nne na hamsini.

Honi na Mkasi wakatazamana. Daktari alisimama, kahawa akaiacha, akavuka barabara pamoja na Sista.

Wadini, daktari akalipiga mstari lile agizo la dawa, akaandika jipya bila ile nukta na sifuri, akasaini. Sista akamwita nesi mwenzake. Kila mmoja akapiga hesabu peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Majibu yakalingana. Wakasoma jina kwenye utepe wa mkononi mwa mtoto, wakalisoma tena, ndipo Sista akachoma. Mtoto aliangua kilio, naye akajikuta anamshukuru kwa kulia.

Zamu ilipoisha mchana, miguu yake ilimpeleka benchini. Honi akampisha nafasi.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, alianza Honi, yule daktari macho yake hayakuwa sawa.

— Wewe? Si ulitaka aongezewe?

— Nilikuwa nampima Sista msimamo!

— Muongo mkubwa wee! Hata hivyo mimi nilikuwa karibu zaidi. Nilisema nusu.

— Nusu ingemuua, Mkasi, alisema Sista, bila kumtazama.

Ndipo akaja mwanamume mmoja, shati limekunjamana kama la mtu aliyelalia kiti. Alikuwa baba wa mtoto wa kitanda cha tatu.

— Daktari ametuita na mke wangu, ametueleza yote, hakuficha. Mtoto amenyonya sasa hivi. Asante, dada yangu.

— Tushukuru amepata nafuu, kaka.

Hakuondoka. Alisimama palepale, mikono haijui pa kukaa.

— Nina swali moja tu. Kama leo ingekuwa siku yako ya mapumziko?

Sista alimfikiria mwenzake wa zamu, ambaye angebaki peke yake na wagonjwa thelathini na mmoja, mikono miwili. Honi akasogea, akamwonyesha baba nafasi benchini. Yule baba hakukaa; aliendelea kusubiri jibu.