Msimamizi Hasomi: Maisha ya Mwalimu Ferdinand Alfonsi Nampota (1943–1997)

Mwalimu Ferdinand Alfonsi Nampota, tunayemzika leo hapa Mbagala, alizaliwa Ndanda, wilaya ya Masasi, tarehe 4 Machi 1943. Baba yake alikuwa mchonga vinyago.

Alisoma shule ya misheni palepale Ndanda, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 1972 alifunga ndoa na Yustina, na mwaka 1976 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Flaviana. Alipopata shahada ya elimu mwaka 1987, wenzake walikimbilia mashirika na biashara, kwa kuwa milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa. Yeye aliomba apangiwe Shule ya Msingi Kipera, huku Temeke. Alitaka kujua jambo moja tu: mtoto aliyekaa darasani miaka sita amejifunza nini?

Siku hizo watoto walisoma kwa pamoja, kwa sauti, kitabu kilekile mpaka kikakaa kichwani. Mwaka 1989 marehemu alianza kumwita kila mtoto peke yake na kumpa hadithi fupi aliyoitunga mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kanuni yake ilikuwa msimamizi hasomi: hamsomei mtoto hata neno la kwanza. Darasa la sita, zaidi ya nusu walikwama.

Mwalimu mkuu, Mzee Fakihi, alimuuliza, "Ferdinand, umeletwa hapa kufundisha au kupima maiti?"

"Maiti hupimwa ijulikane kilichomuua," alijibu.

Waliokwama aliwarudisha darasa la pili, bila kujali umri. Bi Mwajabu, muuza samaki, alimfuata shuleni. "Mwanangu anaota ndevu, unamkalisha na vitoto?"

"Ndevu hazisomi, mama."

Watu walicheka. Siku ya Flaviana hakuna aliyecheka.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Alishika karatasi, akanong'ona, "Baba, nisomee neno la kwanza tu."

Marehemu alimjibu mbele ya walimu wote: "Msimamizi hasomi. Wewe unajua kukariri, hujui kusoma. Kesho darasa la pili."

Mzee Fakihi alimwombea. Marehemu alisema akimwacha wa kwake, kipimo chote kitakuwa uongo. Basi Flaviana alikaa miezi minane kwenye dawati lisiloingia magoti yake, vitoto vikimwita Bibi. Alijifunza kusoma. Wote walijifunza. Mwaka 1991 Kipera ilipeleka sekondari watoto wengi kuliko shule zote za jirani, naye akiwamo. Marehemu alipomaliza kusoma majina ya waliochaguliwa alisema, "Kipimo hakidanganyi."

"Asante, Mwalimu," alijibu binti yake. Tangu hapo hakumwita tena Baba. Yeye mwenyewe ameomba haya yasomwe leo jinsi yalivyokuwa.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na kusoma kukapotea. Sala za utotoni alizitamka bila kosa, lakini gazeti aliligeuzageuza tu. Flaviana aliomba ruhusa chuo cha ualimu, akaja nyumbani na ubao mdogo na chaki.

"Unajua kukariri, Mwalimu. Hujui kusoma. Kesho tunaanza darasa la pili."

Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kila asubuhi aliandikiwa sentensi mpya. "Kuku anakula" ilimchukua siku nzima, lakini aliisoma.

Jumatano, tarehe 19 Novemba, Flaviana aliandika: "Baba, nimekusamehe." Marehemu aliikazia macho mpaka jasho likamtoka.

"Nisomee," alisema.

Yustina alisihi, "Flavi, msomee baba yako. Huoni anakwenda?"

"Msimamizi hasomi, mama. Ndiye aliyenifundisha. Atajaribu tena kesho."

Alifariki Alhamisi kabla hakujapambazuka. Ubao haukufutwa. Umo ndani ya jeneza, maandishi yakimwelekea usoni.

Ameacha mjane, Yustina, binti, Flaviana, dada yake, Filomena, na watu wengi wa Mbagala ambao leo wanaisoma karatasi hii bila kusomewa.

Mungu amsomee, na alale kwa amani.